Viriba vinavyooza: fomula ile ile, mzigo mmoja umepasuka, mwingine umeoza kabla ya wakati. Tatizo nini?

mama_kitalu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Kitalu changu kiko njia ya Simbo, nakuza miche ya michikichi na miti ya mbao kidogo. Miaka yote nilitumia viriba vya nailoni kama kila mtu, na kila msimu watu wanachana, wanapanda, nailoni inabaki pembeni ya shimo. Mwaka jana nikashawishika kununua viriba vinavyooza, vile unavyofukia na mche wake humo humo. Muuzaji simtaji, sitaki kesi. Karatasi iliyokuja na mzigo inasema: PBAT asilimia 60, wanga wa muhogo pamoja na gliserini yake (ya kuulainisha) 30, PLA 10. Hizo PBAT na PLA naambiwa ni aina mbili za plastiki inayooza.

Mzigo wa kwanza tulianza kuujaza mwezi wa nane. Vijana wakijaza udongo, kiriba kinapasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni, mstari umenyooka kama umepigwa wembe. Kwenye kila kumi nikipata saba vizima nashukuru Mungu.

Mzigo wa pili ukaja mwezi wa kumi na moja. Karatasi ile ile, asilimia zile zile. Hata unene nimepima kwa maikromita ya fundi injini jirani yangu, yote miwili inasoma milimita 0.06. Hivi havipasuki, unajaza mpaka kijana anachoka. Nikasema Alhamdulillah. Wiki ya sita nainua kiriba, mche unakuja juu na kitako kinabaki chini! Mche wa mchikichi unakaa kitalu cha kwanza kama miezi mitatu. Sasa wiki sita si ndiyo nusu ya safari?

Muuzaji nikimpigia anasema, "Mama, fomula ni ile ile, labda ni maji yako." Maji yangu yana nini jamani? Naomba wenye ujuzi.

kigoda_cha_mbele
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa mkao wa kula.

mbishi_wa_mwanga (Kigoma)
Mama umepigwa, kubali tu uendelee na maisha. Tangu 1 Juni 2019 tulipokatazwa rambo, kila mjanja ana kitu chake cha "mazingira". Plastiki ni plastiki, na kinachooza ni ganda la ndizi.

skrubu_pacha (Tabora)
Mama Kitalu, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi tusalimiane tu. Niko Tabora, sasa hivi ni mtu wa mizinga ya nyuki, lakini kabla ya hapo nimesimama miaka tisa mbele ya mashine ya kupuliza nailoni huko Dar. Kiwanda nacho sikitaji.

Muuzaji wako huenda anasema kweli, fomula ni ile ile. Lakini mtu hajazi udongo kwenye fomula. Chukua unga wa muhogo, maji, sufuria moja na moto mmoja. Mpe mke wangu asonge, kisha nipe mimi. Wangu utautema, una madonge. Unga umebadilika?

Nianze na mzigo wa kwanza, huo naujua kama kiganja changu. Nailoni inapulizwa hivi: punje za plastiki zinaingia kwenye pipa la moto lenye skrubu, zinayeyuka, uji unasukumwa kupitia mdomo wa duara ulio kama pete, ukielekea juu. Katikati ya pete unapuliza hewa, uji unavimba kuwa puto refu. Juu kabisa kuna rola mbili zinalibana puto na kulivuta. Kwa hiyo uji unavutwa kwa njia mbili, rola zinavuta kwenda juu na hewa inatanua kwenda pembeni.

Bosi anataka mita nyingi kwa saa, ndiyo mishahara yetu inatoka humo. Opereta anaongeza kasi ya rola na hewa anaibania. Nailoni inatoka, inang'aa, unene uko sawa kwenye maikromita. Lakini ndani yake minyororo yote ya polima (molekuli ndefu zinazounda plastiki) imelala upande mmoja kama nyuzi za katani. Ukiivuta kwa urefu ni ngumu kweli, ila ukiigusa kwa upana inafunguka kama ganda la maharage.

Viriba vina balaa la ziada. Ni vyembamba. Ili wasihangaike kuchomelea ubavuni, wengi wanapuliza bomba la upana wa kiriba moja kwa moja, wanakata na kuchomelea kitako basi. Sasa kama mdomo wa mashine ni mkubwa na bomba unalolitaka ni jembamba, puto halitanuki kabisa, linavutwa tu. Sisi kwa kazi nzuri tulitaka puto liwe mara mbili na nusu hadi tatu ya mdomo. Chini ya hapo unatengeneza kamba.

Fanya hivi kesho: kata mkasi kidogo mdomoni mwa kiriba, chana kuelekea chini. Kisha kata ubavuni, chana kuzunguka. Fanya kwa mizigo yote miwili, halafu urudi hapa.

kigoda_cha_mbele
Huyu ndiye tuliyekuwa tunamsubiri. Shusha nondo mkuu.

mbishi_wa_mwanga
Umejieleza vizuri fundi, lakini hiyo ni habari ya nailoni yoyote, hata rambo la zamani. Hiyo "inayooza" ina tofauti gani? Na wiki sita je?

mkemia_wa_gungu (Kigoma)
Mbishi kauliza swali la maana leo, tumwekee alama.

Tofauti ni hii. Rambo lilikuwa kitu kimoja tu, polithini. Kiriba cha mama ni vitu vitatu visivyopendana vimefungiwa chumba kimoja. PBAT inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 115 hadi 120, inanyumbulika kama raba. PLA inayeyuka kati ya 150 na 170, na yenyewe ni kavu kama kikombe cha plastiki ngumu, ukiivuta inakatika kabla hata haijarefuka kwa asilimia kumi. Wanga hauyeyuki kabisa. Ukiuchoma mkavu unaungua tu. Lazima uupe maji au gliserini, joto, na msuguano mkali, ndipo punje zake zipasuke ziwe uji wa plastiki.

Punje ya wanga wa muhogo ina upana wa maikroni 5 hadi 35. Kiriba cha mama kina maikroni 60, ndiyo ile milimita 0.06. Fikiria punje ya 30 ambayo haikupasuka imekaa humo, hiyo ni nusu ya ukuta! Ni kama kujenga ukuta wa tofali moja halafu unaweka jiwe katikati.

Hata wanga ukishapasuka vizuri, bado hauungani na PBAT. Unakaa kama matone, mafuta kwenye mchuzi. Mwingereza G. I. Taylor alionyesha mwaka 1934 kwamba tone ndani ya kimiminika kingine linavutwa, linarefuka na kukatika pale nguvu ya mkondo inapoishinda nguvu inayolishikilia tone lenyewe. Uzito wa uji mmoja kulinganisha na mwingine una maana kubwa. Vikikaribiana, matone yanakatika madogo madogo. Tone likiwa zito sana kuliko uji unaolizunguka, linazungushwa tu bila kuvunjika, kama donge kwenye uji mwepesi. Na uzito huo unabadilika na joto la pipa, kiasi cha gliserini na kasi ya skrubu. Kwa hiyo opereta akigusa kitasa kimoja amebadilisha bidhaa, na karatasi yenye asilimia haijui lolote.

Sasa wiki sita. Matone ya wanga yakiwa madogo na kila moja limezungukwa na PBAT, maji na vijidudu vinaingia taratibu. Yakiwa makubwa na yameshikana, yanakuwa mtandao kutoka upande huu wa ukuta hadi ule. Mvua ikinyesha, wanga unavimba, vijidudu vya udongo vinakula kama mchwa kwenye nguzo, na PBAT inabaki na matundu. Kitako kinaanza kwa sababu ndiko maji yanakotuama na ndiko kuna mshono.

Mimi nina mashaka na kitu kingine pia, maji kwenye punje za plastiki kabla ya kuyeyusha. PLA na PBAT zote ni poliesta, na maungio ya minyororo yao yanakatwa na maji ya moto. PLA inatakiwa iingie kwenye pipa ikiwa na maji yasiyozidi sehemu 250 kwa milioni, yaani gramu moja ya maji katika kilo nne za punje. Kwa kawaida inakaushwa saa kadhaa kwenye nyuzi 80 hivi. Mwezi wa kumi na moja kuna mvua. Mfuko wa punje umeachwa wazi usiku, asubuhi umemiminwa kwenye mashine. Ndani ya pipa minyororo inakatwa vipande vifupi. Nailoni inatoka, inaonekana nzima, lakini imezaliwa mzee.

mbishi_wa_mwanga
Hapo nimekukamata mkemia. Kama minyororo imekatwa, mbona mzigo wa pili ndio ulikuwa mgumu wakati wa kujaza? Mzee gani huyo asiyepasuka?

mkemia_wa_gungu
Umenikamata kweli, nikiri. Kuna mambo mawili. Kwanza, kama fundi wa Tabora yuko sahihi, mzigo wa pili ulipulizwa kwa puto pana, haukuwa na "upande wa kuchanika", na PBAT hata ikipungukiwa kidogo bado inanyumbulika. Pili, nililisahau: msimu. Gliserini inavuta unyevu. Mwezi wa nane Kigoma ni kiangazi, wanga unapoteza maji, unakauka, unakuwa mgumu na unavunjika. Mwezi wa kumi na moja hewa ina maji, wanga unalainika. Kiriba kile kile kingepimwa miezi miwili tofauti kingetoa majibu mawili. Kwa hiyo sehemu ya "ubora" wa mzigo wa pili ni mvua tu.

Na ukae ukijua wanga unazeeka hata ukiwa stoo. Ugali wa muhogo ukilala unakuwaje? Jana ulikuwa unavutika, asubuhi kiporo ni kigumu, ukikikunja kinapasuka. Minyororo ya wanga inajipanga upya na kukazana. Kwenye viriba ni hivyo hivyo, ila inachukua wiki kadhaa. Mama, mzigo wa kwanza ulikaa njiani na stoo muda gani?

mama_kitalu
Dar hadi hapa siku kumi, halafu stoo kama miezi miwili, nilikuwa nasubiri mbegu. Sikujua kama vina tarehe kama mkate!

mzee_wa_urambo (Tabora)
Wanangu, mie ni wa tumbaku na vitalu vya miti, maana kukausha tumbaku kunakula kuni na lazima tupande. Mwaka jana nilipewa viriba vya aina hiyo vya majaribio. Niliviweka stoo ya bati, Oktoba ya huku mnaijua. Nilipovifungua vilikuwa vimeshikana kama chapati zilizofunikwa moto, na mkononi vinateleza mafuta.

mkemia_wa_gungu
Shikamoo mzee. Mafuta hayo ni gliserini inatoka nje. Ikizidishwa, au wanga usipopikwa vya kutosha kuishika, inahamia juu ya ukuta. Tena PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60, na chini ya bati lenye jua si mbali na hapo. Weka kivulini, mbali na bati, kwenye mfuko uliofungwa.

sabuni_ya_mise (Ujiji)
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi natengeneza sabuni ya mawese na mise. Nasikia gliserini inatoka kwenye sabuni. Kwa nini wasinunue kwetu? Muhogo tunao, mawese tunayo, viriba vitengenezwe hapa hapa!

mkemia_wa_gungu
Kaka wazo ni zuri na gliserini unayo kweli, ila imo ndani ya mche wako wa sabuni, ndiyo inayofanya iwe laini kwa ngozi. Kuitoa unamwaga chumvi kwenye sabuni ya moto, sabuni inapanda juu, na maji ya chini ndiyo yana gliserini pamoja na chumvi na mabaki ya magadi makali. Ukiipeleka hivyo kwenye mashine, hayo magadi yatakata poliesta haraka kuliko mvua ya Novemba. Lazima isafishwe na kuchemshwa kwa utupu. Na muhogo nao uwe wanga uliooshwa na kutuamishwa, si unga wa ugali. Nyuzi za unga zinatoboa puto.

skrubu_pacha
Hapo kwenye kutoboa puto nimeona mengi. Donge moja tu la kitu ambacho hakijayeyuka, puto linapasuka, mnaanza upya, mnatupa mita mia.

Niongeze kitu ambacho wakemia hawakisemi kwa sababu hawajalala kiwandani. Umeme. Sisi tulifanya majaribio ya mchanganyiko wa wanga mara tatu. Mara ya pili umeme ukakatika saa nane usiku, mzigo ukiwa ndani ya pipa. Skrubu imesimama, chuma bado ni cha moto. Kwa polithini haina shida kubwa, ukirudi unasukuma unaendelea. Wanga hauna subira hiyo. Umeme uliporudi baada ya dakika arobaini kikatoka kitu cha rangi ya chai ya rangi, kinanuka sukari iliyoungua, kinakatika kama biskuti. Utaratibu ni kukitoa chote mpaka pipa lisafike. Msimamizi akasema kisagwe, kichanganywe kidogo kidogo kwenye mzigo unaofuata. Nilinyamaza, nina watoto.

Halafu hata kisipoungua, kukaa tu ni tatizo. Matone aliyosema mkemia, skrubu ikisimama yanaanza kukutana na kuungana tena kuwa makubwa. Umeyakata kwa kazi ngumu, yanajirudia yenyewe.

Na jina langu la humu linatokana na hili: skrubu moja inasukuma tu, kuchanganya inajaribu. Skrubu mbili zinazokula pamoja ndani ya pipa moja ndizo zinazosaga. Kiwanda makini kinapika wanga na gliserini kwanza peke yake, kinatoa mvuke kwenye tundu la pipa, ndipo kinachanganya na PBAT kwa skrubu mbili, kinakata punje, kinakausha, halafu kinapuliza. Kiwanda cha haraka kinamwaga vyote mara moja kwenye mashine ya kupuliza yenye skrubu moja. Karatasi ya asilimia ni ile ile.

mama_kitalu
Nimerudi na majibu. Mzigo wa kwanza: kuchana kwenda chini, mwanangu wa darasa la tatu amechana kwa vidole viwili. Kuzunguka, ameshindwa, imevutika ikageuka nyeupe. Mzigo wa pili: pande zote karibu sawa, inavutika.

skrubu_pacha
Nilisema. Puto.

mkemia_wa_gungu
Sasa nenda duka la dawa ununue ayodini ya kidonda. Kata vipande vya mizigo yote, loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, futa, dondoshea ayodini kwenye ukingo uliokatwa, subiri, suuza. Wanga unageuka bluu iliyokoza. Angalia kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa rangi imetawanyika sawasawa, wanga umesagika. Ikiwa ni madoadoa, kuna madonge. Si kipimo cha maabara, ila kinasema kitu.

kibirizi_dagaa
Swali la haraka. Hivi tukifungia dagaa, mfuko ukianguka ziwani unaoza?

mkemia_wa_gungu
Usitegemee. PLA inataka joto la mboji ya kiwandani, vipimo vya Ulaya vya EN 13432 vinafanywa kwenye nyuzi 58. Ziwa letu lina nyuzi 25 na kitu juu, na chini ni baridi zaidi. Wanga utaliwa, vingine vitakaa sana. Kwa plastiki ya kulaza shambani kuna kipimo kingine, EN 17033 cha mwaka 2018, kinachoipa udongo hadi miaka miwili kumaliza asilimia 90. Mama, muuzaji akisema "inaoza", muulize wapi na kwa joto gani.

mama_kitalu
Ayodini: wa kwanza bluu imeenea, kama wino umemwagika. Wa pili una madoa, mengine nayaona bila kioo, makubwa kama mbegu za mchicha. Mbishi njoo uone mwenyewe, nyumbani unakujua.

mbishi_wa_mwanga
Nimekuja nimeona. Chai ilikuwa nzuri. Madoa yapo, sibishi. Kwa hiyo wa kwanza ulichanganywa vizuri ukapulizwa vibaya, wa pili ukapulizwa vizuri na kuchanganywa vibaya. Hawa watu hawawezi kufanya mambo mawili kwa siku moja?

mama_kitalu
Wakuu, mrejesho. Nilimpa abiria wa treni bahasha ya vipande akampelekea fundi wa Tabora, naye akaniandikia maswali ya kumuuliza muuzaji. Nikampigia. Nikamuuliza mdomo wa mashine una kipenyo gani, na puto lina kipenyo gani. Kimya. Nikamuuliza punje za plastiki zinakaushwa kwa muda wa saa ngapi. Akasema, "Mama, subiri nikupe opereta."

Opereta ni kijana mstaarabu. Anasema mwezi wa tisa walibadili mdomo, wakafunga mdogo, kwa sababu wateja wengi walilalamika kupasuka. Kumbe si mimi peke yangu! Lakini mwezi huo huo mashine ya skrubu mbili iliharibika giaboksi, wakawa wanachanganya moja kwa moja kwenye ya kupuliza. Kikaushio nacho kinazimwa usiku kuokoa umeme. Amesema giaboksi imeshapona, na amenitumia viriba 60 vya mdomo mdogo na mchanganyiko wa skrubu mbili, bure, nivijaribu.

skrubu_pacha
Kijana huyo mwambie akitaka kazi ya nyuki aje. Dada, hivyo 60 usivipange vyote sehemu moja. Ishirini kivulini, ishirini juani, ishirini viache stoo tu bila udongo, tuone kiporo.

mama_kitalu
Nimefanya hivyo. Leo ni siku ya 19. Vya juani na kivulini vitako vipo. Vya stoo nimechana kimoja asubuhi, kimeanza kuwa kigumu kidogo kuliko siku ya kwanza. Nitakuwa naandika hapa kila Jumapili.